Seti za zawadi za vifaa vya ufundi: tunauziwa idadi ya vipande!

Wakuu, leo nina hasira na sitazungusha maneno. Hizi seti za kuanzia ufundi, zile za sanduku la plastiki zilizoandikwa "VIPANDE 168" kwa herufi kubwa kuliko jina la aliyezitengeneza, ni utapeli wa mchana kweupe. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba anayetapeliwa ni mtu mwenye nia njema. Mjomba anataka kumpongeza kijana aliyemaliza chuo cha ufundi. Mke anataka kumfurahisha mumewe aliyechoka kuazima bisibisi kwa jirani. Hawa si mafundi, kwa hiyo wanapima kwa kitu pekee wanachoweza kupima, yaani idadi, na watengenezaji wanalijua hilo vizuri kabisa.

Hebu tufungue sanduku lenyewe. Toa vibiti vya bisibisi (vile vincha vifupi vya kubadilisha kwenye mpini), maana kila kimoja kimehesabiwa. Toa funguo za L za pembe sita. Toa misumari, skrubu na vindoano vya kutundikia picha (ndiyo, hata msumari ni "kipande"). Halafu nenda kwenye soketi, vile vikombe vya chuma vya kufungulia nati: nusu ni za milimita, nusu za inchi, na mara nyingi aliyepewa hatakutana na bolti ya inchi mwaka mzima. Zimewekwa kujaza mashimo. Baada ya kuondoa takataka zote hizo unabaki na nyundo nyepesi kama ya kupasulia karanga, plaizi moja ambayo taya zake hazikutani vizuri, tepu fupi ya kupimia na kisu cha kukatia makaratasi.

Mdogo wangu alipewa seti ya namna hii alipoanza kujifunza umakanika. Soketi ya milimita 17 ikapasuka akiwa anafungua nati ya tairi, mkono ukaenda kugonga chuma, ngozi ya vidole ikachubuka. Tukarudi dukani na sanduku na risiti. Jibu la muuzaji: "Hiyo ni ya matumizi mepesi, kaka." Nikaligeuza sanduku pande zote sita. Hakuna palipoandikwa matumizi mepesi. Kilichokuwepo ni picha ya gari, tena limeinuliwa juu ya jeki!

Na msiniambie "lakini imeandikwa Chrome Vanadium". Mhuri huo unataja mchanganyiko wa chuma tu. Ugumu wa spana unatokana pia na jinsi chuma kilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani. Kikipozwa ovyo kinakuwa laini, mdomo wa spana unapanuka, au kinakuwa kigumu kupita kiasi na kupasuka kama ilivyotokea kwetu. Huyo mjomba atalionaje hilo akiwa dukani? Hawezi. Ndiyo maana nasema wanafanya makusudi.

Kuna mambo mengine ambayo mnunuzi angeweza kuyaona kwa macho, laiti angeambiwa. Soketi, tazama ndani yake. Yenye pembe 6 inaikamata nati kwenye ubapa. Yenye pembe 12 inaishika karibu na kona, na nati ikiwa ya zamani au ina kutu, kona zinaliwa mara moja na kazi inaishia kwenye patasi na matusi. Kwa anayeanza, pembe 6, basi. Racheti nayo, yaani mpini wa kuzungushia soketi bila kuichomoa, sikiliza inavyolia: mlio ni wa meno yaliyo ndani. Yenye meno 24 inahitaji kusogea nyuzi 15 ndipo ishike tena. Yenye meno 72 inahitaji nyuzi 5 tu, na ukiwa umejikunja chini ya injini ambapo mkono haupati nafasi, tofauti hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Bisibisi za nyota ndiyo usiseme. Kuna PH (Phillips) na kuna PZ (Pozidriv). Skrubu ya PZ ina vimistari vidogo baina ya mikono ya msalaba. Ukiingiza PH ndani yake inacheza, inaruka, kichwa kinaliwa, na kijana anadhani hajui kazi. Seti inampa vibiti vya nyota lundo, lakini bisibisi nzuri yenye mpini, ile PH2 (PH ya saizi namba 2) inayotumika karibu kila siku, haimo.

Sasa linalonifanya nitetemeke kwa hasira ni la umeme. Mpini wa plastiki nyekundu na njano si kinga! Kifaa kilichotengenezwa kwa kazi kwenye nyaya zenye umeme kinakuwa na alama ya pembetatu mbili na maandishi 1000 V juu yake chenyewe, si kwenye sanduku. Kumpa mwanafunzi wa umeme koleo lenye rangi tu, ukimwaminisha kwamba ni salama, ni kucheza na roho ya mtu.

Najua watakuja wa kusema aliyepewa hachagui. Sina ugomvi na mtoa zawadi. Ila kama fedha ni ileile, mwulize kwanza kijana anajifunza kazi gani. Makanika ataanza na spana za milimita 8 hadi 19 na racheti moja ya maana. 10 na 13 zisikosekane, maana hizo ndizo atakazozishika asubuhi hadi jioni. Wa nyumbani atatosheka na nyundo ya kung'olea misumari, tepu ya mita 5, bisibisi mbili tatu, plaizi na spana malaya (ile ya kurekebisha mdomo). Seremala hata asiguswe na hizi seti, mnunulie msumeno mzuri na skwea (kipimo cha pembe mraba) iliyonyooka. Na viwekwe kwenye mfuko wa turubai, siyo yale masanduku yenye vishimo vilivyochongwa, ambayo ukibadilisha kifaa kimoja kwa kingine kinene kidogo, hakiingii tena na mfuniko haufungi.

Humu wauza vifaa mpo, nawaona mkitangaza kila wiki. Naomba mmoja wenu ajibu hapahapa: kama mnajua ni za matumizi mepesi, kwa nini hamsemi kabla mtu hajalipa?