Taya limefungwa waya, kila kitu kwa mrija: uji, maziwa ya tende au supu ya samaki?

BintiLangoni
Asalaam aleikum jamaa. Kaka yangu alipigwa na foromali, ule mti unaobeba tanga la jahazi, wakitweka tanga, taya likavunjika. Amefungwa waya meno ya juu na ya chini, daktari kasema wiki 6. Wiki ya kwanza nilimkimbiza na juisi ya maembe na supu ya kuchuja, sasa kikoi anakikaza mara mbili na bado kinateremka. Ile poda ya wagonjwa ya duka la dawa niliuliza bei nikairudisha kabatini. Kopo zima halimfikishi siku 3.

Nimebaki na njia za jikoni. Kuna uji wa wimbi wa maziwa na njugu, ambao ukiwa mzito unagoma kwenye mrija, na nikiuongeza maji anashiba maji. Kuna maziwa ya kusaga na tende na ndizi. Au supu ya samaki ya tui na viazi, yote ndani ya blenda. Mliowahi kumlisha mtu hivi, mlishika ipi?

JikoLaMalindi
Waaleikum salaam dada, na pole kwa mgonjwa. Mimi ni maziwa na tende, sina mjadala. Nusu lita ya maziwa yasiyotolewa mafuta, ndizi mbivu moja, tende 5 na vijiko 2 vikubwa vya njugu zilizosagwa laini. Hapo una kalori 700 hivi na protini gramu 25, na hujawasha hata moto. Akinywa mara 3 kwa siku amepita 2,000. Ila tende ziloweke kwenye maji moto kwanza, utoe kokwa na maganda, halafu uchuje. Ganda la tende likinasa kwenye waya, ulimi haulifikii.

NahodhaMstaafu
Foromali haina adabu, mimi ilinichukulia jino.

Lakini sukari kutwa mara 3 kwenye mdomo usiopigwa mswaki vizuri? Asukutue maji ya uvuguvugu na chumvi kila akimaliza. Tena baada ya wiki 2 atachukia hata harufu ya ndizi. Mtu wa Amu (Lamu) mpe samaki. Chukua nguru, si tafi wala changu, huko kwenye miba usiende. Chemsha kipande na kiazi, kitunguu na bizari kidogo, saga na tui, pitisha kwenye kifumbu, kamulia ndimu.

JikoLaMalindi
Nahodha, kwa ladha sikubishii, lakini weka na hesabu. Samaki gramu 100, kiazi cha wastani na tui zito nusu kikombe ni kalori 400 na kidogo. Protini tunalingana. Halafu blenda itanuka nguru hadi Idi.

KijanaWaMkomani
Kwani tui haliwezi kukaa mahali pa maziwa? Nazi ninazo uani, maziwa nanunua.

MuuguziMstaafu
La, mwanangu. Tui ni mafuta. Nguvu linatoa, lakini protini ni kiduchu, na mfupa wa mgonjwa unataka protini ili uunge. Lizidishe juu ya maziwa, samaki au kunde, lisichukue nafasi yao.

BintiLangoni, huo uji unaogoma dawa yake ni kimea. Osha wimbi, loweka usiku kucha, mwaga maji, funika kwa kitambaa kilicholowa siku 2 hivi hadi vitoke vijimizizi vyeupe. Anika hadi ikauke kabisa, saga, weka unga wake kando. Sasa pika uji wako mzito, ule wa kusimamisha mwiko. Epua, subiri upoe kiasi cha kuonjeka bila kuunguza ulimi, tia kijiko kimoja cha kimea ukoroge. Uji uliokuwa ukianguka kwa mabonge utauona unaanza kutiririka kutoka kwenye mwiko, na dakika 10 hazifiki. Hujaongeza tone la maji, na unga wote bado umo mle mle. Wanga ndio unaofyonza maji na kuuvimbisha uji, kimea kinaukatakata. Ukikitia uji ukichemka, moto unakiua na hutaona kitu. Ukishalainika urudishe jikoni uchemke tena, maana nafaka iliyooteshwa hubeba vijidudu. Na iwe wimbi, si mtama: machipukizi ya mtama yana sumu. Njugu nazo zichague, yenye ukungu tupa, usiisage kwa kuihurumia.

Jambo jingine, si la jikoni. Mkasi wa kukatia waya uko wapi? Uwe karibu naye hata akilala, na wa nyumbani wajue waya upi unakatwa. Akitapika mdomo umefungwa, anaweza kupaliwa. Kama hakupewa, aulize leo, asingoje kesho.

BintiLangoni
Mkasi ulikuwa kwenye mfuko wa dawa, juu ya kabati! Nimeutia kamba, anauvaa shingoni. Ahsante sana mama.

BintiLangoni
Narudi baada ya siku 9. Kimea kimekubali, mara ya kwanza nilidhani nimeuharibu uji kwa jinsi ulivyolegea. Asubuhi ni uji huo na njugu, adhuhuri maziwa ya tende. Kosa langu: stima ilikatika, nikauweka uji kwenye chupa ya chai tangu alfajiri. Kufungua mchana, umechacha.

MuuguziMstaafu
Chupa ya chai ikishaanza kupoa ni kitanda cha vijidudu. Bila friji, kwa joto letu, hesabu saa 2 tu, kisha mwaga. Pika kidogo kidogo. Kikoi je?

BintiLangoni
Kinakaa, anakikaza mara moja. Nahodha, jana kaniandikia kwenye karatasi: "Nguru. Tui jingi. Ndizi basi."

JikoLaMalindi
Pole kwa blenda.