Mainjinia wa umeme mliohama Mombasa, huko porini na milimani mlikuta nini? Tupeane uzoefu

Fundi wa Changamwe:
Asalaam aleikum ndugu zangu. Naanza mimi.

Nilikuwa zamu ya usiku kwenye mitambo ya dizeli pale Kipevu kabla ya kuhamia Calgary, Kanada. Nilidhani umeme ni umeme. Kule ni hezi 60, yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde, si 50 zetu. Mota ya poli nne (ncha nne za sumaku) ambayo uga wake wa sumaku hapa huzunguka mara 1,500 kwa dakika, kule ni 1,800. Soketi za nyumbani ni volti 120. Hayo niliyazoea upesi. Kilichonikwamisha ni leseni, kwa kuwa kule jina la injinia linalindwa na sheria na hujiiti hivyo mpaka usajiliwe. Basi nikawa wa kuvuta nyaya, namshikia ngazi kijana ambaye ningeweza kumzaa. Niliumia, wallahi.

Asubuhi moja, nyuzi 30 chini ya sifuri, nikakunjua roli la waya lililolala nje. Ganda la plastiki ya PVC likapasuka, ka! kama ukoko wa wali. Kijana hakunicheka. Alilibeba roli akaliweka kando ya hita, na Jumamosi akanipeleka Banff, mbuga ya milimani.

Msituni alinifunza kutembea kwa kelele ili dubu asishtuke. Yeye alipiga makofi, mimi nikapiga hodi. Hodi, hodi, mti hadi mti, kopo la dawa ya pilipili kiunoni. Kisha ukavuma upepo wa joto, theluji ikaanza kuchuruzika. Nikauliza jina lake, maana sisi tumelelewa na kaskazi na kusi, upepo hauwezi kukosa jina. Chinook, akaniambia, hushuka kutoka milimani. Kuanzia hapo ugeni ukanitoka. Leseni niliipata baadaye, lakini kilichonishikilia miaka ile ni Jumamosi za mlimani.

Bint Tudor:
Shukran kaka, umenigusa. Mimi nilikwenda Maskati. Volti 240, hezi 50, kama nyumbani, na kazini nikapokewa na wazee wa Kiomani kwa Kiswahili. Shida ni joto. Siku za nyuzi 45 kebo haibebi mzigo inaobeba hapa, lazima uipunguzie ampea, yaani mkondo wa umeme, la sivyo ganda linaiva. Ijumaa twapanda Jebel Shams, karibu mita 3,000, na huko juu nilivaa sweta. Ila nawasihi, msipige kambi ndani ya wadi, yaani bonde la mto mkavu. Mvua ikinyesha milimani, maji hukufikia nawe ulipo jua linawaka.

Kijana wa Mtongwe:
Ami, shikamoo. Baba yangu naye ni injinia, yuko Kanada tangu nikiwa chekechea. Akija likizo hakai barazani. Alfajiri twashika matatu ya Kwale, kisha Shimba Hills, tunateremka kwa miguu na askari wa wanyama hadi maporomoko ya Sheldrick, mita 21. Njia nzima hazungumzi nami. Miaka yote nilidhani hana la kuniambia.

Nimesoma habari ya hodi nikaweka simu chini. Kila tukifika penye kichaka kizito, baba husimama akasema hodi, kwa sauti ya chini, halafu ndipo anapita. Nilikuwa nikiona haya mbele ya askari.

Fundi wa Changamwe:
Marahaba mwanangu. Akija safari hii muulize alianzia mlima gani, na nani alimpeleka.