Sola ya nyumbani Njiro, Arusha: inalipa, au tubaki na LUKU (umeme wa kulipia kabla)?

Mleta mada: Wakuu, habari za jioni. Nyumba ina vyumba vitatu, watu wanne. LUKU inakula uniti (kilowati-saa) 180 kwa mwezi, uniti moja kama shilingi 356 pamoja na kodi. Fundi ametoa kadirio la milioni 9: paneli 8 za wati 550, invata (kigeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa nyumbani) ya kilowati 5, betri ya lithiamu ya volti 48, Ah (ampea-saa, yaani ujazo) 100. Bafuni kuna shawa ya umeme. Umeme ukikatika jioni, friji na intaneti vinazima. Nifunge?

Kilowati: 180 mara 356 ni kama 64,000. Milioni 9 itarudi baada ya miezi 140, tena iwapo sola itabeba kila kitu, na kwa betri hiyo haibebi. Kwa kufuta bili tu, usifunge.

Mlaji wako yuko bafuni. Shawa ya kilowati 5, watu wanne, dakika 10 kila mmoja: uniti 3.3 kwa siku, 100 kwa mwezi! Anza na tangi la kupasha maji kwa jua, la lita 200. Juni na Julai mawingu yakifunga utajazia kwa umeme, si kila siku.

Zinabaki uniti 80, yaani 2.7 kwa siku. Ukifunga sola ili friji na intaneti visizime, hapo paneli 4 zinatosha. Hata siku yenye saa 3.5 tu za jua kamili, ukitoa robo ya upotevu, unapata kama uniti 5.8. Usishuke hadi 2: invata nyingi za kilowati 5 zinataka volti 120 kwenda juu, na paneli mbili zikiunganishwa mfululizo zinatoa kama 84 zikiwa kazini.

Mdau wa Pasua: Hiyo ni Njiro. Walioko Kibosho na Machame, miteremkoni mwa Kilimanjaro, waongeze paneli, wingu la mlimani halina adabu. Na mparachichi ukitia kivuli paneli moja tu, safu nzima inashuka.

Fundi Volti: Zielekeze kaskazini, mwinamo nyuzi 10 hadi 15, mvua ioshe vumbi. Skrubu zipite juu ya wimbi la bati, ziume mbao ya kenchi, ziwe na mpira. Ukitoboa bondeni, dari italowa.

Upande wa paneli weka breka ya DC (mkondo wa moja kwa moja). Ya AC (mkondo geu, kama wa nyumbani) hushindwa kuzima cheche ya mkondo wa moja kwa moja, inayeyuka. Betri hadi invata ni waya wa milimita 35 za mraba, kwa sababu kilowati 5 kwa volti 48 ni zaidi ya ampea 100. Ukiwa mwembamba, lagi (vichwa vya waya) zinaungua kwanza. Usisahau ethi (waya wa kwenda ardhini) na kinga ya radi.

Mleta mada: Shukrani. Betri za asidi ni nafuu, je?

Kilowati: Asidi usiitumie chini ya nusu ya ujazo, kwa hiyo utanunua mara mbili ya Ah. Ukiimaliza kila usiku, inachoka mapema.

Fundi Volti: Nenda dukani na futi. Paneli halisi ya wati 550 ni kama mita 2.28 kwa 1.13, uzito kilo 27 hivi. Ikiandikwa 550 huku ina urefu wa mita moja na nusu, hiyo ni stika tu.