Mzee anastaafu Desemba, tumchukulie bima gani ya dawa?

Mdigo_wa_Columbus:
Habari zenu wana ughaibuni, naomba msaada maana kichwa kinauma. Mzee wangu ana miaka 67, tuko naye hapa Columbus, Ohio, kapiga kazi kwenye maghala ya mizigo zaidi ya miaka 15 na muda wote alikuwa na bima ya kazini. Mwisho wa Desemba anastaafu. Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, Part A (ya hospitali) na Part B (ya madaktari) tumeshamalizana nazo, imebaki hii ya dawa, Part D. Anameza metformin na Jardiance za sukari na amlodipine ya presha, na usiku anajichoma insulini. Kuna ajenti kashampigia mara tatu, hatujui hata namba kaitoa wapi, anamwambia kuna plani ya dola 0 kwa mwezi asaini haraka kabla nafasi hazijaisha, na mzee ile sifuri imeshamwingia moyoni. Bro wangu mkubwa yeye anasema tusichukue kabisa, maana mzee akistaafu anataka awe anakaa Tanga miezi minne minne, dawa atanunua hukohuko kwa bei chee. Mimi niko katikati. Nyie wazazi wenu mliwachagulia vipi?

dirisha_la_dawa:
Nafanya kazi famasi huku Texas, haya naona kila Januari, watu wanalia dirishani.

Huyo ajenti blokuni. Hairuhusiwi kumpigia mtu simu kumuuzia plani ya Medicare kama hakuomba kupigiwa, na hakuna cha nafasi kuisha, dirisha la kila mwaka ni Oktoba 15 mpaka Desemba 7 kwa kila mtu. Mzee wako ana na muda wa ziada juu yake, miezi miwili baada ya bima ya kazini kukatika, ila msisubiri huko.

Sasa hiyo sifuri. Sifuri ni ya mchango wa kila mwezi tu kaka, haisemi mzee atalipa ngapi akifika kwangu dirishani. Nyingi za bei hizo zina ile hela unayotoa kwanza mfukoni kabla bima haijashika, mwaka 2026 inaruhusiwa kufika dola 615. Metformin na amlodipine ni jeneriki, yaani zisizo za jina la kampuni, za bei ndogo, mara nyingi haziguswi na hiyo. Jardiance ndo ya kuangalia. Ni moja ya dawa 10 za kwanza ambazo serikali imepatana bei na makampuni, kuanzia Januari 2026 bei yake kwa Medicare ni dola 197 kwa mwezi, lakini kama plani inataka utoe kwanza basi hizo 197 anazitoa zote mzee mpaka afikishe kiwango. Mwingine anayelipa dola 30 kwa mwezi kwa plani isiyo na hiyo kitu anaweza kumaliza mwaka katoa kidogo kuliko wa sifuri.

Insulini msiiogope, ikiwa kwenye orodha ya dawa ambazo plani inazilipia haizidi dola 35 kwa mwezi. Na akishatoa dola 2,100 ndani ya mwaka 2026 kwa dawa zilizo kwenye orodha, halipi tena mpaka mwaka uishe. Mchango wa mwezi hauhesabiwi humo.

BiMwana_Minnesota:
Nakazia la orodha, ila peke yake haitoshi, mi lilinikuta kwa mama. Tulichagua plani kwa kuangalia dawa tu, zote zilikuwemo, tukashangilia, kumbe famasi iliyo chini ya nyumba yake haikuwa kwenye zile famasi ambazo plani inazipendelea, kila mwezi analipa zaidi na mimi nilikuwa nadhani dawa zimepanda. Tumekuja kujua Juni! Kwenye tovuti ya Medicare ukiandika dawa na miligramu zake, andika na famasi, halafu panga kwa jumla ya mwaka mzima, usipange kwa mchango.

Kijana_wa_Mjini:
Bro mkubwa yuko sahihi bana, hawa bima ni wezi tu. Tanga metformin unapata kwa hela ya maandazi, unalipia kitu gani?

mzee_Minneapolis:
Kijana, mimi nina miaka 71, nikujibu kwa upole. Nilipofika 65 nilikuwa sinywi hata panadoli, nikasema nilipie nini. Nimekaa miaka mitatu hivyo. Presha ikaja, na mengine yakaja nayo. Kujiandikisha nikakuta faini, asilimia 1 ya kiwango cha taifa cha mchango wa Part D kwa kila mwezi niliokaa bila, miezi 36 ni asilimia 36. Kiwango cha 2026 ni dola 38.99, piga hesabu, kama dola 14 kila mwezi juu ya mchango, na haiondoki, nitaenda nayo mpaka kaburini.

Mdigo, ukipitisha siku 63 bila bima ya dawa inayotambulika na Medicare hesabu ya faini inaanza. Na mwambie mzee achukue barua kazini inayosema bima yao ya dawa ilikuwa inatambulika, maana ana 67, kuna miaka miwili hapo tangu afike 65 watakuja kuiuliza.

Kama kipato chake kitakuwa kidogo aombe Extra Help, ule msaada wa serikali wa kulipia dawa, kule Social Security, ofisi ya pensheni ya serikali. Ukiipata hata faini wanakufutia. Wengi wetu tunaona aibu kuomba, sijui ya nini, tumekatwa kodi humu miaka mingapi?

dirisha_la_dawa:
Shikamoo mzee, umesema yote. Niongeze la Tanga, Part D hailipi dawa iliyonunuliwa nje ya Marekani, hata risiti mkileta. Kwa hiyo aondoke nazo. Plani nyingi zinatoa za siku 90, na miezi minne inazidi hapo, mpigie plani wiki mbili tatu kabla ya safari muulize kama wanaruhusu ya ziada kwa ajili ya safari.

mzee_Minneapolis:
Marahaba mwanangu.

Mdigo_wa_Columbus:
Shikamoo mzee wangu, asanteni sana wote. Jana usiku tumekaa na mzee, chupa zote mezani, nikaandika moja moja na famasi yake anayoijua. Ile ya sifuri kwa jumla ya mwaka imetoka ya nne. Mzee kaangalia weee, akasema "kumbe sifuri nayo ina bei". Barua ya kazini kesho anaifuata. Bro mkubwa nimemtumia ile hesabu ya dola 14, kasoma, kimya mpaka sasa hivi. Imebaki insulini itafikaje Tanga na safari yote ile bila kuchemka, hilo naomba nianzishe uzi mwingine.