Tupeane uzoefu: ibada na jumuiya za chuo cha Kikristo zilikushikaje?

Habari za jioni wapendwa. Mdogo wangu amepangiwa chuo cha kanisa mwaka huu, na swali lake la kwanza kwangu ni hili: "Kaka, huko ni lazima kusali?" Nimeanza kumjibu nikajikuta naandika mengi. Nimeona bora nilete hapa, kila mtu aseme aliyoyaishi.

Naanza mimi. Nilisoma SAUT, chuo kikuu cha Wakatoliki, Malimbe, Mwanza. Nilitoka Songea, Kanda ya Ziwa yote simjui mtu. Misa ya Jumapili ilikuwa nzuri, kwaya imejaa, lakini katika umati ule unaweza kuja na kuondoka muhula mzima bila mtu kukuuliza jina. Kilichonishika ni jumuiya ndogo ndogo, zile zile ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki (AMECEA) walizipa kipaumbele miaka ya 1970 na ambazo wengi tumekulia ndani yake huko mitaani kwetu. Yetu ilikuwa ya wanafunzi tuliopanga mageto upande mmoja. Tulikutana Jumatano saa tatu usiku. Ndoo ya maji inafunikwa juu chini, inatandikwa kitenge, msalaba juu yake, mshumaa umegandishwa kwenye kifuniko cha kopo la Blue Band. Viatu vyote mlangoni. Tunasoma Injili ya Jumapili inayokuja, kisha kila mmoja anasema neno lililomgusa.

Katibu alikuwa na kaunta buku, lile daftari kubwa, la mahudhurio. Muhula wa kwanza niliugua malaria, nikakosa jumuiya. Usiku ule ule nikasikia hodi. Watu wanne, chupa ya uji, na katibu ananiuliza nimefika dozi ya ngapi. Dada yule hatukuwahi kuongea zaidi ya salamu. Alikuwa amepitisha kalamu kwenye majina, akakuta langu halina alama, akanyanyuka. Na bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, lilipochelewa, sadaka ya jumuiya ilinunua mchele na maharage kwa wenzetu waliokosa mkopo kabisa. Hakuna aliyetajwa jina mbele za watu.

Karibuni.

Alto wa Usa River
Mimi Chuo Kikuu cha Makumira, kwa Walutheri. Pale muziki unasomewa shahada, kwa hiyo hata kwaya za kawaida zinaonja ujuzi huo. Niliingia naimba kwa kusikiliza tu, nikatoka nasoma nota. Siku moja zeze lilitangulia wimbo kwenye ibada. Mimi wa Bukoba, jirani yangu wa benchi Mgogo, akaniambia taratibu, "Hili ni la babu zangu." Sikuwahi kumwona akiimba vile.

Binti Sabato
Mtoa mada, mwambie mdogo wako akiangukia kwa Waadventista ajiandae na Ijumaa. Nilisoma Chuo Kikuu cha Arusha. Mchana wote ni kufua, kupika na foleni ya pasi bwenini, pasi moja wasichana kumi na moja, maana jua likizama Sabato imeingia. Tunaifungua kwa nyimbo, kesho yake lesoni, yaani somo la Biblia, mchana tunakula pamoja. Nina ndugu zangu vyuo vingine waliohangaika na mitihani iliyopangwa Jumamosi. Mimi miaka mitatu sikuwa na hofu hiyo hata siku moja, na moyo wangu ulipumzika kweli.

Nilikaa Kimya
Naomba niseme upande mwingine, chuo sitakitaja. Kwetu ibada ya katikati ya wiki ilikuwa na karatasi ya kusaini. Watu walisainiana, wakatoka mlango wa nyuma. Mwaka wa pili nilifiwa na mama. Nilirudi baada ya wiki tatu nikakuta saini yangu ipo kwenye karatasi zote, rafiki alinisainia kwa nia njema. Kwa hiyo kwenye rekodi sikuwahi kuondoka, na hakuna kiongozi aliyejua kwamba nimezika. Nimesoma habari za kaunta buku hapo juu nimelia.

Mtoa mada
Pole sana dada. Pole kwa mama.

Mwana wa Tanga
Assalaam aleikum. Mimi Mwislamu, nimesoma chuo cha kanisa na sijutii. Kipindi kimoja kiligongana na swala ya Ijumaa mwaka mzima, hilo liliniuma na ombi letu halikujibiwa. Lakini mwenzangu wa chumba, mzee wa kwaya kabisa, alikuwa akininakilia notisi kwa mwandiko safi kuliko wake mwenyewe. Mwezi wa Ramadhani yeye ndiye aliyeniamsha kula daku. Saa kumi kasoro anagonga kitanda: "Sheikh, maji yamechemka."

Mwaka wa Tatu
Niongeze la kiutu uzima. USCF (umoja wa Kikristo wa wanafunzi wa vyuo), kwaya, kesha la Ijumaa, maombi ya alfajiri, vyote vitamwita wiki ya kwanza. Nilikubali vyote nikapata sapu mbili, mitihani ya kurudia. Mlezi wetu alinishauri nibaki na kimoja. Nilibaki na maombi ya alfajiri, saa kumi na moja chini ya mwembe.

Mtoa mada
Mdogo wangu anasoma haya yote. Sasa anauliza kaunta buku linauzwa bei gani. Wa St John's Dodoma, chuo cha Waanglikana, mliosoma kwenye majengo ya zamani ya shule ya Mazengo, bado hatujawasikia.