Jina la binti lenye uchangamfu na maana nzuri: nisaidieni kabla ya akika

Mshonaji wa Magomeni (Mtwara)

Habari zenu wapendwa. Asalaam aleikum kwa wanaohusika.

Nimejifungua binti, alhamdulillahi yuko salama na ananyonya vizuri. Akika tunaifanya siku ya saba, mbuzi ameshapatikana kutoka Nanyamba. Kilichobaki ni jina, na hapo ndipo nyumba nzima imegawanyika.

Mume wangu anafanya kazi ya zamu kwenye mtambo wa gesi kule Madimba, na kila akirudi anakuja na jina jipya alilolisikia kwa wenzake. Sasa hivi yuko kwenye Samira. Mama mkwe, mtu wa Nachingwea, anataka Somoe, jina la marehemu mama yake. Kaka wa mtoto ana miaka minne na yeye keshamaliza kazi: anamwita Pweza, kwa sababu kila akimpa kidole mtoto anakishika na haachii. Majirani wameshalidaka. Asubuhi wanapita dirishani kwangu, "Pweza kaamkaje?"

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linanigusa. Jina langu la cheti ni Shida. Kwetu Tandahimba tumezaliwa Mashaka, Tabu, mimi Shida, na mdogo wetu Sikujua. Mama alitupa majina kwa namna mwaka ulivyomkuta, sina kinyongo naye hata chembe. Ila nimeitwa Shida darasani, zahanati, kwenye foleni ya benki, na kila mara kuna mtu anainua macho kunitazama usoni kabla sijafungua mdomo. Binti yangu nataka aitwe jina jepesi. Jina ambalo mtu akilitaja, tabasamu linamtoka lenyewe.

Liwe la Kiswahili, au la Kiarabu lililokwisha zoeleka huku kwetu. Liwe fupi, niweze kuliingiza kwenye wimbo wa kumbembeleza. Na akiwa mtu mzima, akisimama mbele ya watu, lisimwangushe. Mpaka sasa nina Tunu, Shani, Tausi, Asumini na Kipepeo. Kipepeo ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo ninaloliogopa. Nipeni maana zake na uzoefu wenu, hasa akina mama wa Kusini.

Baba wa wawili (Masasi)

Hongera sana dada. Mimi wa kwanza nilimwita Zuhura, ile nyota kubwa inayoonekana magharibi jua likizama au mashariki alfajiri. Nyumbani ni Zuu. Nimegundua jina refu linalokatika vizuri linakupa mawili kwa bei ya moja: Hadija anakuwa Dija, Mwajuma anakuwa Mwaju, Asumini anakuwa Mini. Wavulana ndiyo usiseme, kila Abdallah ni Dula, kila Rashidi ni Chidi, kila Mohamedi ni Mudi.

Katika orodha yako mimi nachukua Shani. Ni kitu kipya, cha kupendeza mpaka watu wasogee kutazama. Kichanga ndicho hicho hasa.

Ongeza Lulu, Johari na Kito. Yote ni mapambo ya thamani na hayachoshi mdomo.

Mkunga mstaafu (Lindi)

Mwanangu, hongera, na Mungu akukuzie. Nimefanya kazi wodi ya wazazi maisha yangu yote ya utumishi, hapa Lindi na huko vijijini, na majina ndiyo kitu nilichokipenda kuliko vyote katika kazi ile. Ngoja nikuandikie kwa kirefu.

Kwanza jina lako. Wazazi wa Kusini walikuwa wanaandika mwaka wao kwenye mtoto kwa sababu hawakuwa na pengine pa kuuandika. Mtoto aliyekuja usiku ni Chausiku, wa kwanza Mosi, wa pili Pili, wa tatu Tatu, wa Alhamisi Hamisi, wa Ijumaa Juma au Mwajuma, wa siku ya Idi Mwanaidi, wa mvua Mwanamvua. Na aliyekuja wakati mama yuko kwenye dhiki ndiye Shida, ndiye Tabu. Nimewapokea wengi. Mama anamtaja Shida huku anamkumbatia kwa mikono miwili. Mama yako alipolitamka alikuwa anasema: shida ilikuwepo, na wewe ulikuja humo humo, ukakaa. Hata hivyo nakubaliana nawe kabisa kwamba si lazima uendelee nalo. Mtume (s.a.w.) alimkuta binti anaitwa Aasiya, maana yake muasi, akambadilisha akamwita Jamila, mzuri. (Msichanganye na Asia mke wa Firauni, lile kwa Kiarabu ni jina jingine na ni zuri.) Kwa hiyo kutafuta jina lenye maana njema kuna asili katika dini yako, asikwambie mtu kwamba unajivuna.

Sasa Somoe. Usilikatae haraka. Wewe unalisikia la kizee, mimi nalisikia la mchezo kuliko yote uliyoyaandika. Somo ni mwenzio wa jina, na ni yule mama anayemfunda mwali. Somoe ni somo yake, mtu wa karibu wa kuambiana siri. Na tazama kitakachotokea ndani ya nyumba yako: mtoto akiitwa jina la marehemu, mama mkwe hatamwita Somoe, atamwita "mama". Mume wako atamwita "bibi". Utasikia mtu mzima anamwambia kitoto cha mwezi mmoja, "Bibi, mbona leo umekasirika, nani kakuudhi?" Utani wa babu, bibi na wajukuu kwetu ndiko mtoto anakojifunzia kucheka. Babu anamwita mjukuu wa kike mke wangu, bibi anamwita mke mwenzangu, wanagombana naye juu ya kipande cha muhogo, na mtoto anajua kabisa kwamba anapendwa. Jina jipya kutoka Madimba halina mtu wa kulitania.

Kuhusu Kipepeo, baki nalo kama jina la nyumbani. Sina neno nalo, ni zuri. Lakini jina la cheti linafanya kazi ambazo mama hazioni pale kitandani. Litasomwa na mwalimu, karani na hakimu, siku moja litaandikwa juu ya mlango wa ofisi. Na kwa wale wenye watoto wa kiume naongeza: sisi tunatumia jina la mtoto, la baba na la babu. Jina unalompa mwanao leo litakuwa jina la kati la wajukuu zako na la mwisho la vitukuu. Nimeona baba kijana akitaka kumwandikisha mwanawe Pipi kwa sababu alikuwa mtamu. Nilimwuliza vitukuu vyake wataitwa akina nani. Akakaa kimya, akaenda nje kidogo, akarudi na Saidi. Pipi likabaki nyumbani, na ndilo wanalomwita hadi leo.

Nina jaribio langu nililokuwa nawapa akina mama. Simama mlangoni uliite jina kwa sauti ya kuvuka ua, kama mtoto ametokomea kwa jirani na uji unapoa. Jina linaloanguka katikati ya ua si jina. Tausi linavuka. Tunu linavuka vizuri sana, lina ile "u" ya kuvuta. Asumini linapotelea kwenye mwembe, lakini ukilikata Mini linarudi. Halafu liseme tena kwa kunong'ona, mtoto ana homa usiku. Jina la mtoto linahitaji kufaa mahali pote pawili.

La mwisho ni maandishi, na hili nalisema kwa uchungu. Chagueni tahajia moja. Khadija au Hadija, Yasmini au Asumini, Mwajuma au Mwanajuma, yoyote ni sawa, lakini iwe hiyo hiyo kwenye kadi ya kliniki, kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye fomu ya shule. Vijana wanafika hatua ya kuomba mkopo wa chuo, bodi inataka cheti kilichohakikiwa na RITA, wale wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na hapo herufi moja iliyopotea utotoni inaanza kumtesa mtu. Jina la utani lisiingie kwenye karatasi yoyote, hata kadi ya kliniki. Muuguzi mwenye haraka ataandika atakachosikia.

Mwana wa Newala

Mama mkunga kasema kweli tupu. Nami naongeza la kwetu Makondeni. Wazee wetu jina la utotoni hawakulipa uzito huu tunaoupa sisi, kwa sababu lilikuwa la kupita. Kijana akitoka jandoni alitoka na jina jipya, na la zamani ukimwita unamvunjia heshima. Kwa hiyo kichanga kiliweza kuitwa chochote: kwa tumbo lake, kwa kilio chake, kwa mdudu aliyeonekana siku ile. Majina ya kuchezea yalikuwa na mahali pake na muda wake. Huyo kaka wa miaka minne na Pweza wake anafanya jambo la asili kabisa.

Ila dada, umewataja mume na mama mkwe. Hujamtaja mjomba wa mtoto. Wewe ni mtu wa Tandahimba, unajua mwenyewe kwamba kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ana neno lake. Kaka yako ameulizwa? Siku ya shughuli akifika akakuta jina limeshapita bila yeye, atakula pilau lakini hatakuwa na furaha.

Mama Hidaya (Kilwa Masoko)

Hongera mwaya. Mimi wangu alizaliwa wiki ile ya kimbunga, Mei 2024. Mvua, upepo, barabara ya kwenda Dar ikakatika kule Somanga, baba yake akakwama upande wa pili mtoto anazaliwa. Kimbunga kilipewa jina Hidaya, na wodini kila mtu anatania kwamba wasichana wote wa wiki ile ni Hidaya. Wengine walikataa, wanasema utampaje mtoto jina la kimbunga kilichoharibu nyumba na mashamba. Mimi nililichukua kwa moyo wote. Hidaya kwetu ni tunu, zawadi ya thamani, na kwa Kiarabu ni uongofu. Jina lilikuwa jema kabla ya upepo, likabaki jema baada yake. Sasa hivi anakimbia uani, na nyumbani ni Hida, au Dada Upepo akivunja kikombe.

Ukitaka la baharini badala ya Pweza kuna Marijani. Ni lile jiwe jekundu la baharini linalotengenezewa vidani. Huku Kilwa linaeleweka.

Kwa yako mimi ni Tunu. Silabi mbili, na wimbo unajitunga wenyewe: Tunu wangu, tunu ya mama.

Mshonaji wa Magomeni (Mtwara)

Nimesoma yote huku namnyonyesha, na nyingine nimemsomea mama mkwe kwa sauti. Nilipofika kwenye maneno ya mkunga kuhusu Somoe alinyamaza, akajifuta macho na ncha ya kanga. Sikujua kwamba mama yake alifariki yeye akiwa bado mwali. Miaka yote hii hakuwahi kunieleza. Basi hilo siwezi tena kulipigania.

Nimefanya jaribio la mlangoni. Kipepeo haliendi, mama mkunga, uko sahihi, linaishia kwenye kamba ya nguo. Tunu limefika mpaka kwa muuza ming'oko ng'ambo ya barabara, akaitika.

Mume wangu nimempigia kwenye mapumziko yake. Samira ameliacha bila ugomvi. Anasema akiwa na bibi mdogo wa kumtania akirudi zamu, inamtosha.

Mjomba nimempigia pia, nashukuru sana ndugu wa Newala kwa kunikumbusha. Yuko shambani anapalilia mikorosho, mtandao unakatika. Amesema atafika siku moja kabla ya akika na atakuja na neno lake. Kwa hiyo Somoe limekaa, ila Tunu bado sijui kama litakuwa la nyumbani au kama mjomba ana lake. Pweza hakuna anayeweza kumnyang'anya mwenye nalo.

Swali moja kwa mama mkunga: kadi ya kliniki tayari imeandikwa "mtoto wa Shida". Hilo litaleta tatizo kwenye cheti?

Mkunga mstaafu (Lindi)

Hapana mwanangu, kadi huanza hivyo mtoto akiwa hajapewa jina. Jina likishapita, rudi nayo kliniki waandike Somoe, kisha jina la baba na la babu, herufi kwa herufi kama zilivyo kwenye kitambulisho cha baba. Halafu msajili mapema, msisubiri aanze shule. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano huku kwetu usajili unafanyika ofisi ya kata na kwenye vituo vya huduma ya mama na mtoto, na cheti cha mara ya kwanza hakilipiwi. Beba kadi hiyo na vitambulisho vyenu wote wawili. Karani akimaliza kuandika, omba usome mwenyewe kabla hajagonga muhuri.

Na mwambie mama mkwe nampa pole, imenifikia.