Ukoo wa Bibi (watu 14): muhula wa Zuhura ng'ambo

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Nimefika jana usiku salama. Chumba nimepata, dirisha kubwa kitanda kidogo. Kesho tunaanza wiki ya kupokelewa.

Mama: Marahaba mwanangu. Alhamdulillah. Umekula?

Juma: Dada picha

Zuhura: [picha 5]

Mama: Mbona umevaa sweta moja

Baba Mdogo: [Imesambazwa mara nyingi] TAHADHARI!!! Ukiwa safarini usikubali kubebeshwa mzigo na mtu usiyemjua. Watumie na wengine kumi.

Juma: Baba, ameshafika 😂

Baba Mdogo: Atarudi pia.

Jumanne, 23 Septemba

Zuhura: Bumu, ile hela ya kujikimu, halijaingia. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni inataka akaunti ya benki ya hapa. Benki inataka karatasi ya makazi. Karatasi ya makazi inatolewa manispaa, na manispaa miadi ya karibu ni tarehe 9 mwezi ujao.

Juma: Kwa hiyo mpaka tarehe 9 huishi popote

Zuhura: Kisheria naelea.

Baba Mdogo: Mimi shaka yangu nilisema tangu mwanzo mkanicheka. Ada hulipi. Nauli wamechangia. Na bado wakupe hela ya kujikimu? Utapeli huanza hivyo hivyo.

Shangazi Rehema: Mdogo wangu, huu mpango una umri kuliko hao matapeli wako. Erasmus, mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, ilianza 1987, wanafunzi 3,244, nchi 11 za Ulaya tu. Vyuo vya nje ya Ulaya, vya Afrika vikiwemo, vilipata mlango kwenye mrithi wake, Erasmus+, mwaka 2015. Ada halipi kwa sababu vyuo viwili vimeandikiana mkataba: wa kwetu hatozwi kule, wa kule hatozwi kwetu. Hakuna aliyempa zawadi.

Baba Mdogo: Sawa dada. Lakini hela haijaingia.

Shangazi Rehema: Hilo ni kweli.

Mama: Zuhura nikutumie kidogo?

Zuhura: Mama niko sawa. Nimekuja na akiba. Nawaambia tu ili mjue.

Alhamisi, 2 Oktoba

Zuhura: Shangazi uko hewani?

Shangazi Rehema: Nipo, nasahihisha. Sema.

Zuhura: Kozi mbili kati ya zile tulizoandika kwenye makubaliano ya masomo hazipo tena. Moja imefutwa, waliojiandikisha walikuwa wachache. Nyingine imegongana na ile ya uchambuzi wa data, saa ileile, jengo jingine. Nimebaki na krediti 18.

Juma: 18 kati ya ngapi?

Zuhura: 30. Huku mwaka mzima ni 60, muhula nusu yake. Krediti moja wanaihesabu ni kazi ya saa 25 mpaka 30, darasani na kujisomea humo humo.

Mama: Si uchukue nyingine tu zilizopo?

Zuhura: Kuchukua naweza hata leo. Tatizo ni kama chuo chetu kitazihesabu.

Shangazi Rehema: Hapo hapo. Wifi, ngoja nieleze maana watu wengi wanaumia hapa na hawaongei. Ile karatasi ya makubaliano ina jedwali mbili. Jedwali A ni kozi atakazosoma kule. Jedwali B ni kozi zetu ambazo atasamehewa akirudi. Watoto wanahangaika na A kwa sababu ndiyo ina majina mazuri. B ndiyo inayoamua kama anarudi mwaka wa nne au anakaa tena na wadogo zake. Ukibadilisha kitu, sahihi zinatakiwa tatu: yako, ya kule, ya huku.

Zuhura: Ya chuo cha hapa nimepata ndani ya siku mbili. Mratibu wa chuo chetu hajibu.

Shangazi Rehema: Umemwandikia nini?

Zuhura: "Naomba msaada wako kuhusu mabadiliko ya kozi zangu."

Shangazi Rehema: Hiyo mimi mwenyewe ningeiacha mpaka Jumatatu. Barua ya hivyo inampa kazi: akutafute, akuulize, asome. Mpe kitu cha kujibu kwa neno moja. Ambatisha silabasi ya kozi mpya, saa zake, lugha ya kufundishia, namna ya mtihani. Halafu uliza: hii ya krediti 6 itahesabiwa badala ya Nadharia ya Uwezekano, ndiyo au hapana? Nakala kwa mkuu wa idara. Na akikujibu kwa simu "hakuna shida", mshukuru, kisha mwandikie barua pepe ukirudia alichosema.

Juma: Nahifadhi hii

Baba Mdogo: Mkuu wa idara nampigia mimi kesho.

Zuhura: Baba Mdogo TAFADHALI usimpigie mtu.

Shangazi Rehema: Usimpigie mtu.

Mama: Shemeji usipige.

Jumatano, 8 Oktoba

Zuhura: Amejibu! Kozi moja ndiyo, sahihi ipo. Ya pili anasema "tutaangalia ukirudi".

Shangazi Rehema: "Tutaangalia" siyo sahihi. Endelea kumwandikia.

Jumapili, 26 Oktoba

Mama: Zuhura tumekaa na Bibi saa nzima tunasubiri simu

Zuhura: Mama nilikuwa nataka kukuambia. Usiku wa kuamkia leo saa zimerudishwa nyuma, saa tisa ikawa saa nane tena. Tofauti yetu ilikuwa saa moja, sasa ni mbili. Mpaka mwisho wa Machi.

Baba Mdogo: Nani ameruhusu

Bibi (ameandika Salma): Bibi anauliza, saa hizo zilizorudishwa zinawekwa wapi.

Ijumaa, 14 Novemba

Mama: Zuhura

Mama: Naona umesoma mwanangu

Zuhura: Ujumbe huu umefutwa

Mama: Umefuta nini?

Zuhura: Hamna kitu Mama. Kazi nyingi tu.

Juma: Dada tuma picha za ule mji uliosema utaenda. Si viza yako inaruhusu?

Zuhura: Inaruhusu. Viza ya D, ya kukaa muda mrefu, nchi za Schengen (za Ulaya zisizokaguana mipakani) nazunguka hadi siku 90 ndani ya siku 180. Mwili ndio haujaruhusu. Saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia.

Baba Mdogo: Mshukuru Mungu mwanangu. Wangapi wanaitamani nafasi hiyo hawaipati.

Mama: Kweli kabisa. Shukuru.

Zuhura: Nashukuru. Nilishukuru jana na juzi. Ila kila nikiandika hapa kitu kisicho picha naambiwa nishukuru. Basi naona bora nisiandike.

Zuhura: Kwenye kazi ya kikundi tuko watano. Wanaanza kwa Kiingereza kwa ajili yangu. Hoja ikinoga wanarudi kwenye lugha yao, hawakusudii, hata mimi ningefanya. Nikiuliza wamesema nini naambiwa "hakuna la maana". Dakika ishirini za hakuna la maana! Halafu wanacheka, na mimi nacheka, nimechelewa kidogo. Nikirudi chumbani kichwa kinauma kama nimebeba maji. Siumwi. Sijafeli. Hakuna aliyenikosea. Ndiyo maana sijui nilalamike nini.

(Hakuna aliyeandika kwa muda. Juma anaandika… Juma ameacha.)

Shangazi Rehema: Zuhura, hiki ni kitu kinachojulikana. Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia wa Kanada, aliieleza mwaka 1954 mbele ya klabu ya wanawake kule Rio de Janeiro. Mgeni anaanza na fungate, kila kitu kizuri, halafu anaanguka, halafu taratibu anapanda. Mwaka uliofuata Mnorwe mmoja, Sverre Lysgaard, akaandika kuhusu wenzake waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Waliokaa chini ya miezi 6 walikuwa wamezoea vizuri, waliozidi 18 pia. Wa katikati ndio walioyumba. Ukichora inatoka kama herufi U.

Zuhura: Shangazi, muhula wangu ni miezi mitano. Kwa Lysgaard mimi nipo kwenye kundi la wenye furaha 😂

Shangazi Rehema: Aa.

Zuhura: Halafu hao wa miezi 6 na wa miezi 18 siyo watu walewale. Hakumfuata mtu mmoja akamwona anashuka na kupanda. Amelinganisha makundi akaunganisha nukta.

Shangazi Rehema: Mwanatakwimu ameamka. Haya, U nimeiondoa.

Zuhura: Angalau nimecheka kwa wakati.

Zuhura: Hata hivyo mimi sishuki na kupanda hivyo. Asubuhi naweza kuwa vizuri kabisa, mchana nikapotea, usiku nikawa vizuri tena kwa sababu ya mtu kunishikia mlango.

Bibi (ujumbe wa sauti, dakika 0:41)

Juma: Bibi amesema nini, niko darasani

Salma: Anasema: "Zuhura asiongee haya humu, humu kuna kelele. Anipigie mimi. Sitamwambia ashukuru wala sitamwambia mambo ya huyo Mnorwe. Nitakaa nasikiliza, nikisinzia aniamshe." Halafu anasema Mama Zuhura asikasirike.

Mama: Sijakasirika Mama.

Mama: Zuhura andika chochote. Sisemi tena neno hilo.

Baba Mdogo: Na mimi.

Ijumaa, 12 Desemba

Zuhura: [picha 1] Hao ni wenzangu wa meza ya maktaba. Mmoja Mjojia, mmoja Mvietinamu. Kiingereza chetu wote kibovu kwa namna tatu tofauti na tunaelewana kuliko darasani. Hakuna anayesema haraka, hakuna utani wa nyumbani kwao wa kueleza. Tunasoma mpaka wanafunga.

Mama: Sura zao nzuri. Sweta umeongeza.

Baba Mdogo: Bumu?

Zuhura: Liliingia Oktoba, Baba Mdogo, nilikuambia.

Baba Mdogo: Nauliza tu.

Jumanne, 20 Januari 2026

Zuhura: Juma soma hii vizuri. Chuoni hapa kujiandikisha kozi na kujiandikisha mtihani ni vitu viwili. Muhula mzima umekaa darasani, kazi zote umepeleka, lakini usipobonyeza kule kwenye mfumo kabla ya siku ya mwisho, siku ya mtihani jina halipo. Yule Mvietinamu ndiye aliyenishtua maktaba, zikiwa zimebaki siku mbili. Wenyeji wanajua tangu mwaka wa kwanza, kwa hiyo hakuna anayetangaza.

Juma: Si wangekupa sapu, mtihani wa marudio?

Zuhura: Sapu wakati mimi nimeshapanda ndege?

Juma: Aah.

Shangazi Rehema: Na ule wa mdomo?

Zuhura: Umeisha leo. Profesa anauliza swali moja halafu ananyamaza. Unamaliza kujibu, bado amenyamaza, anakutazama. Nikadhani nimekosea nikaanza kujieleza upya, nikatoa mfano, nikachora. Kumbe ndivyo anavyofanya kwa kila mtu, ukimya ndio mtihani wenyewe. Nimefaulu vizuri.

Mama: 🎉🎉🎉 Alhamdulillah

Mama: Nimesema alhamdulillah yangu mimi, siyo wewe ushukuru.

Zuhura: 😂 Mama unaruhusiwa.

Bibi (ameandika Salma): Bibi anasema yeye alijua tangu juzi, walishaongea.

Baba Mdogo: Kumbe wanaongea bila sisi

Jumamosi, 14 Februari

Zuhura: Niko kwenye foleni ya kupanda. Mzigo umezidi kilo mbili, nimevaa makoti mawili.

Mama: Safari njema mwanangu. Tupo uwanjani kuanzia saa kumi na moja alfajiri.

Zuhura: Ndege inafika saa nne asubuhi, Mama.

Mama: Ndiyo.

Jumatano, 25 Machi

Zuhura: Shangazi transkripti, karatasi ya matokeo ya kule, imefika. Wana kawaida ya wiki tano tangu matokeo yatangazwe, na kweli haikuzidi. Kozi tano, zote nimefaulu, krediti 30.

Shangazi Rehema: Hongera. Na huku?

Zuhura: 24 zimekubaliwa bila maneno. Sita ni ile ya "tutaangalia". Wameangalia, wanasema saa za darasani ni chache kuliko ya kwetu. Nimewaonyesha kwamba krediti zinahesabu na kujisomea. Imekwenda kwenye kamati ya idara.

Baba Mdogo: Sasa nimpigie?

Zuhura: Kamati haina simu, Baba Mdogo.

Shangazi Rehema: Wapelekee silabasi zote mbili, ya kule na ya huku, mada kwa mada kwenye ukurasa mmoja. Wanakamati hawafungui viambatisho vitano. Na wewe mwenyewe u hali gani? Kuna wanandoa, akina Gullahorn, 1963 waliiongeza U ya pili ya mtu akirudi nyumbani, ikawa W…

Zuhura: Shangazi 😂

Shangazi Rehema: Nauliza tu.

Zuhura: Niko vizuri nusu. Wenzangu wako mbele muhula mzima wa utani, wakicheka sijui wanachekea nini, na safari hii ni Kiswahili! Watu wananiuliza "kulikuwaje?" wakiwa wanatembea. Nawaambia kuzuri, wanapita. Anayekaa akasikiliza ni Bibi, na yeye anataka tu habari za yule profesa mnyamavu.

Mama: Mimi sijakuuliza?

Zuhura: Umeniuliza Mama. Leo jioni nakuja na ile transkripti, nikusomee yote.

Juma: Samahani naingilia. Maombi ya mwaka huu yanafungwa Jumatatu. Nimechagua kozi sita, nzuri sana, nimejaza A yote. B nimeandika "itajazwa baadaye".

Shangazi Rehema: Juma.

Zuhura: Juma wewe.

Juma: Nini?

Zuhura: Nakutumia ile barua ya mratibu iliyojibiwa. Badilisha jina la kozi, weka silabasi zako, omba sahihi ya kila kozi peke yake. Na itume leo, usiitume Ijumaa.

Juma: Leo nina mechi

Baba Mdogo: Huna mechi.